Lost, Dark au Manifest? Kwa sisi tunaoangalia huku tunabashiri

Kuna watu wanaangalia tamthilia kupumzisha akili, episodi ikiisha wanazima wanalala. Alafu kuna sisi. Kwetu episodi ikiisha ndo kazi inaanza, unarudisha nyuma dakika tatu uone ile saa ya ukutani ilikuwa inasoma saa ngapi, unatafuta karatasi unachora nani mtoto wa nani, saa sita usiku unamtumia rafiki yako meseji ya sauti ya dakika nne kumwambia yule mzee sio yule mnayemdhania, niamini mimi. Na kesho yake ukionekana ulikosea hata huumii sana, unatunga nyingine.

Sasa ukiwa mtu wa hivyo na unatafuta sirizi ya mafumbo ya muda, watu watakutajia hizi tatu mpaka uchoke: Lost, Dark na Manifest. Kila mmoja anaapia yake. Mi nimezimaliza zote (Lost niliiacha njiani mara mbili nikarudi, nitaeleza kwa nini) na nikiulizwa mtu aanze na ipi huwa namrudishia swali, we unabashiri ili iweje? Maana hapo ndo zinapoachana njia. Kuna mtu anabashiri ili apatie, kuna mwingine kupatia sio ishu, anachopenda ni ule ubishi wenyewe, na kuna anayebashiri huku machozi yanamlengalenga kwa sababu ameshawapenda wahusika.

Hebu kumbuka vitendawili vya utotoni. Mtegaji anasema kitendawili, mnaitika tega, mnahangaika weee mkishindwa anaomba mji, mnampa mji, anakula huko mjini alafu anatoa jibu. Mkataba ndo huo, mji kwa jibu. Hizi sirizi tatu ni wategaji watatu wenye tabia tofauti kabisa, na ugomvi wa mashabiki miaka yote hii ukiuchunguza vizuri ni ugomvi wa mji, yaani nani kachukua mji wetu akatokomea nao.

Vigezo vyangu ni vinne. Muda unafanyaje kazi humo ndani na kama una sheria inayoeleweka. Nafasi ya kubashiri, na je dalili zinalipa au zinaachwa njiani. Mwisho wake, na watu waliupokeaje. Alafu urefu na ugumu, kwa sababu una maisha mengine pia. Sijaweka kigezo cha "ipi kali" makusudi, hicho kila mtu anacho chake.

Kuhusu kumwaga uhondo: nitataja mambo ya mwanzoni mwanzoni na sehemu moja tu nitagusa mwisho wa Lost, nitakupa tahadhari kabla.

Kwa asiyezijua kabisa

Lost ni ya Marekani, ilianza kuonyeshwa kituo cha ABC Septemba 2004 ikaisha Mei 2010, misimu 6. Ndege Oceanic 815 inatoka Sydney kwenda Los Angeles, inakatika angani, manusura wanajikuta kwenye kisiwa ambacho sio kisiwa cha kawaida.

Dark ni ya Wajerumani, ndo sirizi ya kwanza ya Kijerumani ambayo Netflix waliiagiza wenyewe, imetungwa na Baran bo Odar na Jantje Friese. Misimu 3, Desemba 2017 mpaka Juni 2020. Watoto wanapotea kwenye kamji kanaitwa Winden, kana msitu, pango, na mtambo wa nyuklia.

Manifest ilitungwa na Jeff Rake, ikaanzia kituo cha NBC mwaka 2018 na kumalizikia Netflix 2023, misimu 4. Ndege 828 inatoka Montego Bay kwenda New York Aprili 2013, inakutana na msukosuko hewani, inatua salama. Ila inatua Novemba 2018. Kwa waliokuwemo, watu 191, zimepita saa chache tu. Kwa waliokuwa wanawasubiri ni miaka mitano na nusu, walishawalilia wakaendelea na maisha.

Muda unaendaje humo ndani

Dark ndo yenye sheria kali kuliko zote. Mzunguko ni miaka 33, kwaiyo 2019 inaungana na 1986, na 1986 inaungana na 1953, na huko mbele milango inaongezeka. Na sheria yenyewe ni ya kikatili, aliyerudi nyuma kuzuia jambo lisitokee ndo huyo huyo analolisababisha litokee. Hakuna kuponyoka. Kuna vitu humo havina mwanzo kabisa, kitabu kinaandikwa kwa sababu kilishaandikwa, kinapita mkono huu kwenda mkono ule na ukiuliza nani alikuwa wa kwanza kukiwaza unabaki umetoa macho. Raha yake ni kwamba sheria haivunjwi ili kumuokoa mhusika unayempenda, na ukishaielewa unaweza kuitumia kubashiri kama mtu anayepiga hesabu.

Lost yenyewe inakuingizia muda kwa kijiko. Misimu ya mwanzo ni kisiwani sasa hivi, alafu kumbukumbu za maisha ya mtu kabla ya ajali, unazoea hivyo, unaona hii ni tamthilia ya watu waliopotea tu. Mwisho wa msimu wa 3 kuna kitu kinafanyika kwenye huo mtindo ambacho mi mpaka leo nikikifikiria nasisimka, na sikisemi. Msimu wa 4 kuna episodi inaitwa "The Constant", akili ya mhusika mmoja, Desmond, inaruka kati ya 1996 na 2004 mwili ukiwa pale pale, na hata wale walioichukia Lost kwa mwisho wake hiyo episodi huwa wanaiheshimu. Msimu wa 5 ndo muda unachafuka waziwazi, watu wanajikuta miaka ya 70. Sheria ipo, mwanafizikia wao Daniel Faraday anaisema, kilichotokea kimeshatokea, alafu sirizi yenyewe inaanza kuitilia shaka sheria yake. Wengine tuliona ni ujanja mzuri. Wengine waliona ni waandishi kujitafutia mlango wa kutokea.

Manifest kwenye hili ni nyepesi na haioni aibu. Mruko mkubwa wa muda ni ule wa ndege, hakuna mtu mwenye mashine ya kusafiria. Stori iko kwenye madhara yake. Cal alikuwa kwenye ndege na baba yake, bado ni mtoto vile vile, pacha wake Olive aliyebaki ameshakuwa binti mkubwa. Michaela anashuka kwenye ndege akiwa bado na mchumba kichwani mwake, kumbe mchumba ameshaoa, na kaoa rafiki yake kipenzi. Hapo hakuna fizikia, hapo ni maumivu tu, na ukiniuliza ndo wazo bora la muda kwenye sirizi nzima. Juu ya hayo abiria wanaanza kupata Miito, sauti na picha zinazowaambia fanya hivi, okoa yule, alafu baadae kinaingia kitu cha kuhesabu siku zilizobaki, ambacho kinakupa wewe mbashiri tarehe kamili ya kuwa na wasiwasi nayo.

Sasa tuje kwenye kubashiri kwenyewe

Hapa lazima nianze na Lost kwa heshima, kwa sababu hii tabia yetu wengi tumerithi kutoka kwake. Ilikuwa inatoka episodi moja kwa wiki, kwaiyo watu walikuwa na siku saba za kutafuna, na kati ya msimu na msimu miezi. Mashabiki wakaanzisha ensaiklopidia yao kabisa, Lostpedia, mwaka 2005, kila jina la kitabu kilichoonekana kwenye rafu limeandikwa humo na lina maelezo.

Chukua namba tu. 4, 8, 15, 16, 23, 42. Zinaanza kama namba za bahati nasibu za mhusika anaitwa Hurley, alafu unaziona kila mahali, na kuna kompyuta ambayo lazima mtu aziingize kila dakika 108, na wewe ukizijumlisha zote sita unapata 108. Ukishaona kitu kama hicho huwezi tena kuangalia kawaida, kila namba ya nyumba unaisoma. Na nje ya sirizi watu walikuwa wanazicheza kweli, Januari 2011 bahati nasibu ya Mega Millions huko Marekani ikatoa 4, 8, 15 na ile ya mwisho 42, maelfu ya waliozicheza wakashinda, wengi wao dola 150 kila mtu. Sirizi ilikuwa imeshaisha miezi saba nyuma!

Tatizo la Lost kama mtegaji ni moja, anatega vitendawili vitano kabla hujajibu cha kwanza. Vingine jibu lipo ukivumilia, yule dubu mweupe kwenye kisiwa cha joto kwa mfano, watu wanasema hakuelezewa, ameelezewa jamani, mlikuwa mmeshakasirika hamkusikia. Vingine jibu ni nusu. Mtoto Walt alijengwa kama mtu wa maana sana, alafu muigizaji akawa anarefuka kuliko muda wa kisiwani unavyoenda, stori yake ikapeperuka, mpaka ikabidi watoe kipande cha dakika kama 12 kwenye DVD mwaka 2010 baada ya sirizi kuisha ndo wakamrudia vizuri. Yaani jibu la kitendawili unaletewa nyumbani wakati wageni wameshaondoka.

Na kuna nadharia mama, ya "wote wamekufa, hapo ni ahera". Ilianza mapema kabisa, watungaji wakaikanusha mapema, na haikufa. Tutairudia.

Dark kubashiri kwake ni kwa aina nyingine. Hapo huulizi sana "hiki ni nini", unauliza "huyu ni nani". Mtu yule yule unaweza kumuona akiwa mtoto, akiwa wa makamo na akiwa mzee, waigizaji watatu, kwaiyo unaanza kuchunguza macho, makovu, namna ya kukaa. Waigizaji walichaguliwa kwa kufanana mpaka inatisha. Familia ni nne, Nielsen, Kahnwald, Doppler na Tiedemann, na kila ukidhani umemaliza kuchora mti wa ukoo kuna mstari unatokea unaunganisha tawi na mahali ambapo tawi halitakiwi kufika. Nilikuwa nafuta karatasi mpaka inatoboka.

Na dalili zinalipa. Hilo ndo tofauti kubwa. Kitu kinaonyeshwa sekunde mbili msimu wa 1, kinafunguka msimu wa 3, na ukirudi unakuta kweli kilikuwepo pale pale. Mtegaji huyu jibu analo mfukoni kabla hajasema kitendawili. Mpaka tarehe walichezea, ndani ya stori 27 Juni 2020 ni siku ya maangamizi, na msimu wa mwisho ukatoka tarehe hiyo hiyo, 27 Juni 2020, mwaka ambao wote tulikuwa tumefungiwa ndani tunaona kama maangamizi yenyewe ndo haya. Aisee ile siku.

Ubaya wa Dark kwa wabashiri ni kwamba haina huruma na mtu anayependa kutafuta tafuta mtandaoni. Ukiandika jina la mhusika tu, kabla hujamaliza kuandika unaletewa "baba yake nani", "mke wake nani", tayari umeharibiwa. Netflix wenyewe waliliona hilo wakatengeneza tovuti ya mti wa ukoo ambayo unachagua umefika episodi gani alafu inakuonyesha mpaka hapo tu. Lakini usalama zaidi ni karatasi yako.

Manifest inakupa swali moja kubwa, ndege ilienda wapi, na majibu yaliyokuwa yanazunguka yalikuwa yale yale manne matano: Mungu, sayansi, serikali, na bila kukosa "wote walikufa" (ikiwa na ndege tu hii nadharia inakuja, ni kama nzi na embe). Ndani ya sirizi hizo nadharia zinagombana kupitia wahusika wenyewe, daktari Saanvi anatafuta kwenye damu na maabara, wengine wanatafuta kwenye imani, kwaiyo ukiangalia na mtu mnayetofautiana mtazamo mtabishana kama vile mko ndani ya ndege. Namba nayo imetiwa viungo, 828 inajirudia kila kona na wanaihusisha waziwazi na Warumi 8:28. Kila episodi pia ina Mwito wake, fumbo dogo linaloanza na kuisha, hilo ni zuri kwa mtu asiye na subira. Ila nisiseme uongo, kuna dalili humo zinaanzishwa kwa mbwembwe alafu zinaachwa barabarani, na kuna misimu ya katikati inaonekana kabisa wanavuta muda. Huyu mtegaji anakupa kipande cha jibu kila siku usije ukaondoka, na vipande vingine ukivipanga havikai.

Mwisho, na kelele zake

Tahadhari niliyoahidi ndo hapa, aya moja, kama hutaki hata chembe ya mwisho wa Lost ruka mpaka panapoanza Dark. Episodi ya mwisho ilionyeshwa 23 Mei 2010, na mpaka leo kuna watu watakuambia kwa uhakika kabisa "wote walikuwa wamekufa tangu ajali". Hapana. Ndani ya episodi yenyewe mhusika anaambiwa uso kwa uso kwamba yote yaliyotokea kisiwani yalitokea kweli. Kilichowachanganya watu, pamoja na uzito wa stori yenyewe, ni zile picha za mabaki ya ndege ufukweni bila mtu zilizopita kwenye majina ya mwisho, ambazo ABC ndo waliziweka kama kitulizo cha kumpa mtazamaji nafasi ya kupumua kabla ya kwenda habari. Kitulizo kikageuka ushahidi! Watu wakaona mabaki, hakuna manusura, wakafunga kesi. Hii ndo sababu huwa naisema mapema, kwa sababu kuna watu wamekataa kuianza Lost kwa uongo huo.

Hata bila uongo huo, mwisho wake uligawa watu. Unajibu moyo kuliko akili. Waliokuja kwa ajili ya wahusika walilia wakashukuru, waliokuja na madaftari ya namba walihisi wametoa mji bure. Mi nilikuwa kundi la pili mara ya kwanza. Niliporudia baada ya miaka nikajikuta la kwanza, sijui ni mimi nilizeeka au nini.

Jambo lingine kuhusu Lost ambalo linaonyesha nguvu ya mashabiki wake: msimu wa 3 waliingizwa wahusika wawili, Nikki na Paulo, eti walikuwepo siku zote. Watu hawakuwataka hata kidogo. Waandishi wakasikia, wakawapa episodi moja yao, na mwisho wa episodi hiyo wakawazika. Wakiwa hai. Sijawahi kuona mashabiki wakijibiwa namna hiyo tena. Na ni kwenye msimu huo huo, baada ya stori kuanza kuzungushwa (kuna episodi nzima ya kueleza tatuu za Jack), ndo wasimamizi wa uandishi wake, Damon Lindelof na mwenzake Carlton Cuse, walipopata walichokuwa wanakidai, mwaka 2007 ikatangazwa kwamba sirizi itaisha 2010. Kuanzia hapo inakimbia. Mara zangu zote mbili za kuiacha niliiachia kabla ya hapo, ndo maana nasema vumilia mpaka mwisho wa msimu wa 3 kabla hujahukumu.

Dark mwisho wake umepokelewa vizuri kuliko wenzake, kwa sababu swali kubwa linajibiwa, fundo linafunguliwa, na lililobaki wazi linaonekana limeachwa wazi kwa makusudi. Malalamiko yapo kwenye safari ya msimu wa 3, mambo yanaongezeka mara mbili ghafla ndani ya episodi 8, watu wengi waliopendwa misimu ya nyuma wanapata dakika chache, na kuna sehemu unaangalia huku hujui uko wapi wala lini. Na ni mwisho wa baridi kidogo. Unapiga makofi, hukumbatii mtu.

Manifest kelele zake kubwa hata sio za mwisho, ni za katikati. NBC waliikata Juni 2021 baada ya misimu 3, stori ikiwa inaning'inia hewani kama ile ndege. Siku chache kabla ilikuwa imeingia Netflix Marekani, watu wapya wakaivamia, ikakaa kileleni wiki kwa wiki, mashabiki na watungaji wakapiga kelele bila kuchoka, na tarehe 28 Agosti 2021 Netflix wakatangaza msimu wa mwisho wa episodi 20. Wamarekani wanaanza na mwezi, kwaiyo 8/28. Makusudi kabisa. Sehemu ya mwisho wakaitoa 2 Juni 2023, mwaka mmoja kamili kabla ya ile tarehe ambayo wahusika wanaiogopa, ukiangalia utaelewa. Ila Rake alikuwa amepanga misimu 6, ikabidi iingie kwenye 4, na huo mkunjo unauona, mambo ya mwisho yanakimbizana. Mwisho wenyewe ni wa joto, wa kufuta machozi, na waliotaka maelezo ya kimaabara waliondoka wananung'unika kwa sababu jibu limeegemea upande wa imani.

Urefu na ugumu

Hapa ni hesabu tu. Lost episodi 121, ukiangalia moja kwa siku ni miezi minne. Manifest 62, miezi miwili. Dark 26, haifiki hata mwezi.

Lakini fupi sio rahisi. Dark huwezi kuiangalia huku unachati, ukiinamia simu dakika moja umepoteza babu wa mtu. Ni Kijerumani, kuna sauti ya Kiingereza iliyobandikwa juu, mi naona bora usikilize Kijerumani chenyewe usome maandishi ya chini, sauti zao zina uzito ambao ile ya kubandika haina, na kusoma kunakulazimisha kuwa makini, ambacho ndo unachohitaji. Manifest unaweza kuangalia huku unakunja nguo. Lost iko katikati, kuna episodi unakunja nguo na kuna episodi nguo zinaanguka.

Na jambo moja watu hawalisemi: Lost na Manifest ya mwanzo zilitengenezwa kwa kusubiri wiki. Ukizimeza episodi sita kwa usiku mmoja unapoteza kitu, kwa sababu swali linajibiwa kabla hujapata nafasi ya kulikosea. Jiwekee breki, hasa mwisho wa msimu, kaa siku mbili tatu na nadharia zako ndo uendelee. Dark kinyume chake, ukikaa sana unasahau nani ni nani, bora uende nayo kwa mfululizo.

Kwaiyo inategemea

Kama unabashiri ili upatie, na kuachiwa swali bila jibu kunakunyima usingizi, anza na Dark. Sema uwe tayari kwa giza, hakuna utani humo, watu hawacheki, mvua inanyesha misimu mitatu.

Kama unapenda ubishi wenyewe, una kundi la marafiki wa kubishana nao, na uko tayari kumpenda mtu kisiwani zaidi ya kumjua, hiyo ni Lost. Ina vichekesho, ina mapenzi, ina watu ambao utawakumbuka majina yao miaka kumi baadae. Usiianze kama una ratiba ngumu au kama ni mtu wa kudai risiti ya kila swali.

Kama mnaangalia familia nzima sebuleni, kuna mama, kuna mdogo wako anayeuliza uliza, na mnataka kitu cha kubishania kuhusu Mungu na hatima na "wewe ungefanyaje ungemkuta mchumba kaoa", Manifest itawafaa kuliko hizo mbili. Kwa mbashiri wa peke yake mwenye daftari inaweza kumkera kufikia msimu wa 3.

Kama hujawahi kabisa kuangalia mafumbo ya muda na unaogopa kuchanganyikiwa, Manifest ni ngazi nzuri, alafu panda Dark. Ukitoka Dark kwenda Manifest moja kwa moja utaionea, utakuwa unadai ukali ambao haikukuahidi. Lost unaweza kuiweka popote, haifanani na yoyote.

Kama uliwahi kuianza Lost ukaiacha, angalia uliachia wapi. Kama ni kabla ya mwisho wa msimu wa 3, hujaiona bado. Kama ni msimu wa 5 na hukuipenda, acha tu, haitakuwa nyingine.

Na kama umeshazimaliza zote tatu na umekuja hapa kuona kama nitaitukana yako, chukua 12 Monkeys ya kituo cha Syfy, 2015 mpaka 2018, misimu 4, episodi 47. Huko muda unabadilishika, mwanzoni kabisa jamaa anaikwaruza saa huku nyuma na mkwaruzo unatokea hapo hapo kwenye saa ile ile iliyotoka mbele, na kuanzia hapo ni vurugu ya kupendeza. Haikuwahi kupigiwa kelele kama wenzake, na kwa mbashiri hiyo ni bahati, mtu wa kukuharibia uhondo utamtafuta kwa tochi.

Kwa wale mnaoenda Dark leo: karatasi kubwa, na penseli sio peni. Mtafuta sana.